Nani Mwenye Jina la Kyanduma

Waithaka,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Mwongeli,

Wakya? Najua umeitika "aa" hata kama umekasirika, kwa sababu mama yako Mukonyo alikulea vizuri. Sisi huku tuko sawa. Kaindi anasumbuliwa na goti lakini mdomo ni mzima. Binti yetu Annah bado anasuka nywele pale Soko la Kenyatta, karibu na kibanda changu cha asali, na Jumamosi foleni yake inafika mpaka kwa wachoma nyama. Wachomaji wamelalamika kwamba wateja wao siku hizi wanakula mbavu na kitana kikiwa bado kichwani.

Sasa tuingie kwa jambo. Juzi kwenye simu ulisema maneno yangu hubadilika kabla hujakata, na kwamba kama nina la kusema niandike ili kesho nisikane. Haya, nimeandika. Barua hii anabeba Kisilu, yule dereva wa basi la Kitui, pamoja na mkebe wa mama yako.

Ulisema chama chenu cha wafuga nyuki, wewe ukiwa katibu na ndugu yangu Kitavi, baba yako, akiwa mwenyekiti, mnataka kusajili jina "Asali ya Kyanduma" kwa serikali. Na likishasajiliwa, mimi nishushe ubao wangu wenye jina hilo. Mimi! Mwongeli, kabla sijaupandisha ule ubao, Nairobi hii ilikuwa haijui kama Kyanduma ni mahali ama ni ugonjwa wa kuku. Leo mawakili, madaktari, Wahindi wa Parklands, hata balozi mmoja ambaye sitamtaja nchi, wote wanaingia sokoni wakiuliza, "Kyanduma yuko?" Hawasemi asali. Wanasema Kyanduma, kama vile ni mtu.

Na unajua nyuki zangu zilifikaje huku? Nilibeba mzinga wa gogo kutoka kwa baba yetu, na nyuki ndani, juu ya lori la maembe. Kwenye kizuizi polisi akauliza, "Mzee, hii ni nini?" Nikasema ni ngoma ya kanisa. Akasema, "Piga tusikie." Nikapiga kofi moja. Nyuki zikaitikia ndani, sauti nzito, kama kwaya ya wanaume inajitayarisha. Yule polisi akavua kofia. Akasema hiyo ngoma ina upako, tupite.

Ndiyo unaniambia mimi jina si langu?

Ni mimi baba yako wa Nairobi,
Zedekiah Muasya


Kyanduma,
2 Machi 2025

Mpendwa Anko Zedekiah,

Shikamoo. Mkebe umefika, na Mama anasema asante ingawa kifuniko si chake. Tunaendelea salama. Baba ana shida ya sikio la kushoto tangu Krismasi, kwa hiyo mikutano ya chama imekuwa ya kupiga kelele hata watu wakikubaliana. Migunga ilitoa maua kidogo. Mizinga mingine tumeikuta mitupu, nyuki wamehama kutafuta maji.

Nimesoma barua yako kwa wanachama mpaka pale kwa polisi, wakacheka sana. Baba hakucheka.

Anko, naomba nieleze polepole, kwa sababu kwenye simu hukunipa nafasi. Huko mjini kuna asali nyingi inayoitwa ya Kyanduma na haikutoka hapa. Nyingine ni sukari iliyochemshwa, imetiwa rangi. Mnunuzi mmoja mkubwa alikuja, akapenda yetu, kisha akasema hawezi kununua jina ambalo kila mtu analiandika. Ndipo tukaambiwa sheria inakubali watu wa mahali kusajili jina la mahali pao kama alama ya pamoja. Likisajiliwa, atakayeandika Kyanduma kwenye chupa lazima asali yake iwe imetoka kwenye mizinga iliyotundikwa ndani ya lokesheni ya Kyanduma. Ndiyo maana ya asili kwenye hiyo sheria. Hakuna anayekulenga wewe.

Kwa hiyo ninakuuliza swali moja tu, na uwanja wa kujibu ni mkubwa: mizinga yako iko wapi?

Msalimie Aunty Kaindi na goti lake.

Binti yako,
Mwongeli


Waithaka,
6 Aprili 2025

Mwanangu Mwongeli,

Sasa? Nimechelewa kujibu kwa sababu ya majukumu. Unajua mimi ni meneja wa bustani kwa watu wakubwa, na mwezi wa tatu ni wa kupogoa. Kuna siku nilikata ua mmoja wa michongoma ukawa sawa kabisa, mpaka fundi wa mawe akaja kuuazima apimie ukuta wake. Kaindi ameanza kutembea na fimbo, anaitumia zaidi kunionyesha vitu. Pole kwa sikio la Kitavi. Hata tukiwa watoto lilikuwa linasikia linachotaka.

Nimesoma juu ya hiyo asili. Mwongeli, wewe umesoma lakini hapo walikudanganya. Asili ni nini? Chukua kitambulisho changu. Nimekaa Nairobi tangu nywele zikiwa nyeusi, lakini kitambulisho kinasema lokesheni, Kyanduma. Hakisemi Waithaka. Nikifa leo, nani atanizika Waithaka? Annah amezaliwa hapa hapa, akiulizwa ni wa wapi anasema Kyanduma, ingawa akifika huko anauliza choo kiko upande gani. Na hakuna anayembishia! Sasa kama msichana aliyezaliwa Nairobi ni wa Kyanduma, nyuki aliyetoka Kyanduma yeye mwenyewe, na malkia wake, na gogo lake, atakuwa wa wapi?

Nyuki hizi hata tabia ni za kwetu. Mwaka jana zilitoka zikatua kwenye taa za barabarani Waiyaki Way. Magari yakasimama pande zote, askari wa trafiki akakimbilia kwa kanisa. Nikafika mimi, nikaziambia kwa Kikamba, "Tuinuke twende." Zikainuka. Dereva mmoja wa lori la mafuta alilia.

Basi nimefanya hivi. Nimeenda ile ofisi ya kusajili, na nimeweka pingamizi. Karani alinipokea vizuri sana, akaniuliza kama mimi ni profesa. Pingamizi langu linasema mimi ni mwenye jina kabla ya chama, na chama kinataka kuninyang'anya. Limegongwa muhuri.

Usinune. Hii ni kazi tu.

Baba yako wa Nairobi,
Z. Muasya


Kyanduma,
11 Mei 2025

Anko Zedekiah,

Shikamoo. Hapa wote ni wazima. Mvua ilinyesha ikakoma.

Pingamizi lako limesimamisha kila kitu. Mnunuzi amesema atangoja mpaka msimu wa pili, baadaye ataenda kwingine. Wanachama waliocheka ile hadithi ya polisi sasa wananiuliza mimi kwa nini damu yangu inawafunga mikono.

Nilikuja Nairobi wiki iliyopita kwa wakili wa chama. Sikukwambia, kwa sababu ningekwambia usingekuwepo. Nilipita kibandani kwako sokoni, nikakuta umetoka. Nikaenda Waithaka. Aunty Kaindi alinipikia muthokoi, na tulipokuwa tunakula nikamuuliza mizinga iko wapi. Alijibu kama mtu anayetaja duka la jirani: "Si kwa Mama Pramila, Muthangari, kule anakotunza bustani. Kwa ile mijakaranda ya nyuma. Hukujua?"

Sikujua, Anko. Nilikuandikia swali moja, ukanijibu taa za barabarani.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Baba. Akasema, "Basi huyo siku hizi ni mtu wa Muthangari." Sikupenda alivyosema.

Kisheria pingamizi lako halitafika mbali. Wakili anasema watakuuliza lile swali langu, mbele ya watu, na utakula kiapo kwanza. Lakini kukungoja uanguke kutachukua muda ambao hatuna. Ondoa pingamizi. Hilo ndilo ombi la chama.

Kuna jambo lingine ambalo lilipaswa kuwa kwenye barua hii. Baba amekataa niliandike, kwa hiyo siliandiki.

Mwongeli


Waithaka,
25 Mei 2025

Mwongeli,

Barua yako haikuwa na salamu za kutosha. Hata hukuuliza goti.

Kwanza, Kaindi hana makosa, hakujua unapeleleza. Nimemwambia hivyo, na yeye ameniambia nipike mwenyewe.

Pili, mtu wa Muthangari! Kitavi alisema hivyo? Mwongeli, Muthangari hakuna mtu wa huko. Ni mahali watu wanaishi tu. Mama Pramila amekaa kwenye hiyo nyumba tangu aolewe, na alizaliwa hapa hapa mjini, Ngara, na baba yake pia alizaliwa hapa, na bado fundi wa bomba akija anamuuliza, "Mama, nyinyi Wahindi mlikuja lini Kenya?" Yeye humjibu, "Nimekuja kutoka jikoni." Kama yeye hawamkubali kuwa wa huku, mimi nitakuwaje? Mimi kwetu nyumbani kunajulikana. Ama kulikuwa kunajulikana.

Tatu, nani amesema nimedanganya? Nyuki ni za Kyanduma. Hilo gogo ni la babu yako. Mama Pramila aliniruhusu nilitundike kwa mjakaranda wakati watu wote wa mtaa walikuwa wanataka kuita zimamoto. Nyuki zikazaa, nikachonga mizinga mingine vile baba yetu alinifundisha, si yale masanduku yenu ya mradi. Ubao niliandika jina la kwetu kwa sababu ndilo nililokuwa nalo. Ungetaka niandike nini?

Hilo jambo lingine ni lipi? Kitavi hawezi kukataza barua inayokuja kwangu. Mimi pia ni mtoto wa ile nyumba.

Z.M.


Kyanduma,
15 Juni 2025

Mpendwa Anko,

Shikamoo. Goti la Aunty linaendeleaje? Mama amemtumia dawa ya kuchua, iko kwa Kisilu kwenye mfuko wa kijani. Hapa tumeanza kurina asali kidogo upande wa mtoni. Ni nyeusi na nzito mwaka huu. Nimekuwekea.

Nimeamua kuandika. Baba anajua ninaandika, ametoka akaenda kuangalia mbuzi ambao hatuna.

Jambo lenyewe ni hili. Ili jina lisajiliwe, haitoshi sisi kusema asali inatoka hapa. Lazima tuonyeshe wanunuzi wanalijua jina, kwamba mtu akisikia Kyanduma anafikiria asali ya hapa na si nyingine. Wakili alituuliza: nani wa kwanza kuliuza jina hili hadharani mjini? Wateja gani wanalitaja? Tuliangaliana mezani. Sisi tumekuwa tukiuza kwa mitungi kwa yeyote anayepita na gari. Hatukuwahi kuandika jina popote. Aliyeandika ni mmoja.

Kwa hiyo ulivyosema kwenye barua ya kwanza, kwamba Nairobi haikujua Kyanduma kabla yako, ni kweli, na ndicho kitu pekee ambacho chama hakina. Baba alisema afadhali tukose jina kuliko kukuomba. Mimi siwezi kusema hivyo, kwa sababu nimeona mizinga mitupu na nimeona vijana wa hapa wakipanga mikoba ya kuja huko mliko.

Ninachoomba ni hiki: uende kwa wakili, mjini, utoe ushahidi wa kiapo. Useme ulianza lini, ulileta asali ya hapa kutoka kwa nani, wateja walisemaje. Lakini sitakuficha. Atakuuliza pia asali ya sasa ni ya wapi, na ukijibu, ubao utashuka kwa mkono wako mwenyewe. Unatusaidia kulipata jina ambalo wewe hutaruhusiwa kulitumia. Hakuna njia nyingine niliyoiona, na nimetafuta.

Ukitaka kurudisha mizinga nyumbani, mgunga wa babu bado upo na hakuna aliyetundika kitu. Najua hutarudi. Nimeandika tu ujue.

Sikulazimishi.

Binti yako,
Mwongeli


Waithaka,
20 Julai 2025

Mwanangu Mwongeli,

Wakya? Itika kwa nguvu, hii barua ni ndefu. Goti la Kaindi limepona kwa ile dawa, sasa ananifuata mpaka sokoni. Annah anakusalimia, anasema ukija tena umpitie akutengeneze hicho kichwa, kwamba kinaaibisha ukoo. Baridi ya Nairobi mwaka huu ni ya kuuma. Kuna asubuhi moja Waithaka maziwa yaliganda kwenye kikombe nikiwa nakunywa.

Nilikaa na barua yako bila kujibu. Nilikuwa naiweka kwa kabati naitoa. Mama Pramila aliniona kwenye bustani nimeshika mpira wa maji na maji yanakwenda barabarani, akauliza nani amekufa. Nikamweleza yote. Akasema, "Zedekiah, lakini asali ni ya miti yangu. Mbona miti yangu haijawahi kutajwa?" Mwongeli, mimi nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekasirika kidogo, na nafikiri kwa muda mrefu.

Basi nilikwenda. Nilivaa suti. Ofisi ya wakili iko mjini, juu kabisa, na lifti ilikuwa imekufa. Nilipanda ngazi bila kupumzika, vijana wa ofisi wakanipigia makofi. Nilikwenda na mashahidi wangu: mchoma nyama mmoja, mwalimu mstaafu, na akina mama wa kwa Annah, wengine nywele nusu. Walijaza benchi. Wakili alimuuliza kila mmoja, "Ukisikia Kyanduma unafikiria nini?" Wote wakasema asali. Yule mchoma nyama akasema asali na Mzee Zedekiah, lakini wakili akasema hiyo ya pili haihitajiki.

Halafu zamu yangu. Nilisema. Nilianza kwa lori la maembe. Karani anayepiga chapa, kijana anaitwa Muchiri, vidole vilichoka akaomba maji. Nilisema asali ya miaka ya kwanza nililetewa na Kitavi mwenyewe, kwa mitungi, na kwamba bila mitungi yake nisingekuwa na cha kuandika kwenye ubao. Hilo liko kwenye karatasi. Sikuambiwa niliseme.

Ndipo wakili akauliza, "Na asali unayouza sasa, Mzee, ni ya wapi?"

Nilikuwa na majibu tayari, mazuri, unanijua. Nikamwangalia Muchiri. Alikuwa ananingoja, mikono juu ya mashine. Nikasema ni ya Muthangari. Mchoma nyama akasema, "Ala!" Mwalimu mstaafu akasema yeye alijua, ina harufu ya maua ya watu matajiri.

Wakachapa, wakaleta nisome nitie sahihi. Unajua mimi kusoma naenda polepole, lakini naenda. Nikafika mahali pameandikwa: "Mimi, Zedekiah Muasya, mfanyabiashara wa Soko la Kenyatta, asili yangu ni ya Muthangari."

Nikamwambia Muchiri, "Hapa umekosea."

Akaangalia. "Ah, pole Mzee. Ni herufi moja tu. Wataelewa."

"Herufi moja? Soma tena hicho ulichoandika."

Wakili akasema ana kesi mahakamani, tusahihishe kwa kalamu pembeni. Nikakataa. Nikasema, asali ndiyo ya Muthangari. Hiyo nimekubali, nimeisema mbele ya watu, na ubao ninashusha. Lakini hakuna karatasi itatoka kwenye jengo hili, iende kwa serikali, ikae huko mpaka nitakapokufa, ikisema mimi ni wa Muthangari. Chapa upya. Nitangoja.

Muchiri akachapa upya ukurasa wote, wakili amesimama na mkoba mkononi. Na kwa vile tulikuwa tunachapa upya, nikamwongezea mstari: asili yangu ni Kyanduma, mtoto wa pili wa Muasya, ndugu yake Kitavi. Wakili akasema hiyo haina uzito wa kisheria. Nikamwambia aiache tu.

Pingamizi nimeliondoa siku hiyo hiyo. Karani wa ile ofisi aliniuliza mimi ni nani.

Ubao tumeupaka rangi na Kaindi. Sasa unasema Asali ya Muthangari, Kwa Miti ya Mama Pramila. Alikuja kuuangalia kwa gari, hakushuka, akasema herufi zimepinda. Wateja wanauliza kama huko kuna nyuki, si ni maua tu na mabwawa ya kuogelea. Wengine wamekwenda zao. Wengine wanaonja, wananunua. Mwenye kutaka ile ya Kyanduma namwambia angoje, itakuja na muhuri, na hataipata kwangu.

Nakala ya kiapo iko ndani ya hii bahasha. Ya chama weka kwa faili. Lakini kwanza mketishe Kitavi umsomee ukurasa wa kwanza wote. Soma polepole, na umkalie upande wa kulia, ili asije akasema hakusikia.

Baba yako,
Zedekiah Muasya